Abhinavagupta wa Kashmir: Majivu, Maarifa na Ladha ya Fasihi

1.0 Utangulizi

Katika maisha yote ya Abhinavagupta tarehe zisizo na shaka ni tatu tu, na zote tatu aliziweka yeye mwenyewe mwishoni mwa kazi zake. Wimbo wa kuwasifu miungu wa kike wa mkondo wa Krama aliumaliza katika mwaka unaolingana na 990 au 991. Wimbo wa kumsifu Bhairava, ambaye ni Shiva katika sura yake ya kutisha, aliumaliza mwaka 992 au 993. Na sharhi yake ndefu juu ya falsafa ya utambuzi ilikamilika mwaka 1014 au 1015. Kutokana na alama hizo wataalamu hukadiria kwamba alizaliwa karibu na mwaka 950 na kufariki muda fulani baada ya 1015. Takriban mengine yote yanayojulikana juu yake hutoka katika aya chache alizoandika kuhusu ukoo na walimu wake, pamoja na maelezo ya Jayaratha, msomi wa karne ya 13 aliyeifafanua kazi yake kuu.

Uchache huo wa habari haukuizuia sifa yake kuenea. Tatizo ni kwamba imeenea katika njia mbili zisizokutana. Mwanafunzi wa nadharia za fasihi, ambaye aghalabu huanzishwa na Aristotle na kumalizia na Wafaransa wa karne ya 20, akibahatika kulisikia jina hili hulisikia kama jina la mhakiki wa tamthilia. Mwanafunzi wa dini naye hulisikia kama jina la bingwa wa Tantra. Lakini mtu huyu alikuwa mmoja, na swali lililomsumbua katika nyanja zote mbili ni moja: je, mwanadamu hufunguka kutoka katika vifungo vyake kwa kuutesa mwili na kuuvika alama za utawa, au kwa kutambua jambo ambalo lilikuwa kweli siku zote?

2.0 Nasaba na malezi

Asili ya ukoo wake haikuwa Kashmir. Mhenga wake, Atrigupta, alikuwa Mbrahmini msomi wa nchi iliyo kati ya mito ya Ganga na Yamuna, katika dola ya Yashovarman wa Kannauj. Mfalme Lalitaditya wa Kashmir alipomshinda Yashovarman, karibu na mwaka 740, alimchukua msomi huyo akaenda naye kwao. Akampa nyumba kando ya mto Vitasta, uitwao leo Jhelum, katika mji ambao sasa ni Srinagar, nyumba iliyoelekeana na hekalu la Shiva. Wafalme wengine hurudi vitani na dhahabu na ng'ombe. Huyu alirudi na mwanachuoni.

Miaka 200 baadaye, katika ukoo uo huo, alizaliwa Abhinavagupta. Babu yake aliitwa Varahagupta. Baba yake, Narasimhagupta, alijulikana zaidi kwa jina la Chukhulaka, naye ndiye aliyemfundisha sarufi ya Kisanskriti, elimu iliyohesabiwa kuwa mlango wa elimu nyingine zote. Mama yake, Vimala, alifariki mwanawe angali mdogo. Alipokuwa mtu mzima Abhinavagupta aliutaja msiba huo kwa utulivu unaomshtua msomaji: mama ndiye kamba iliyo imara kuliko zote, na kamba hiyo ilipokatika, yeye aliona kwamba sehemu ya kazi ya kumweka huru ilikuwa imekwisha kufanywa. Baba naye, ingawa alikuwa bado na nguvu zake, aliuelekeza moyo wake wote kwa Shiva.

Abhinavagupta hakuoa wala hakupata watoto. Mtu angetazamia, basi, kwamba angeshika bakuli na fimbo na kuzurura kama walivyofanya watawa wengi. Hakufanya hivyo. Aliishi katikati ya jamaa na marafiki, na ndugu yake Manoratha alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Dada yake Amba alipofiwa na mumewe, Karna, alijitoa kwa ibada ya Shiva. Rafiki wa Karna aitwaye Mandra ndiye aliyemkaribisha Abhinavagupta katika nyumba yake nje ya mji, na huko, akitunzwa na mwanamke wa jamaa ya Mandra aitwaye Vatsalika, aliiandika Tantraloka, yaani nuru juu ya Tantra. Kitabu kikubwa kuliko vyote vya Ushaiva wa Kashmir kiliandikwa katika chumba cha mgeni, kwa chakula cha mwenyeji.

Nchi yenyewe haikuwa na amani ya kudumu. Malkia Didda, aliyeiongoza Kashmir kwa niaba ya wengine tangu 958 na kwa jina lake mwenyewe kuanzia 980 hadi 1003, alifika kwenye kiti chake kwa njia zilizojaa damu. Na mwaka 1015 Mahmud wa Ghazni alijaribu kuingia katika bonde hilo akashindwa. Vishindo hivyo havisikiki katika vitabu vya Abhinavagupta.

3.0 Njia alizozikuta

Ili kuelewa alichokifanya, hapana budi kutazama kwanza jinsi watu waliomfuata Shiva walivyokuwa wakiishi kwa karne nyingi kabla yake. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na maisha hayo ni utawa, lakini msomaji ajihadhari nalo, kama ajihadhari pia na neno zuhudi. Maneno haya huleta akilini mtu mpole anayejinyima kwa uchaji. Watawa wa Shiva wa zamani hawakuwa na upole huo.

Kundi lao kongwe linalojulikana vizuri ni la Wapashupata, waliomhesabu Lakulisha kuwa mwanzilishi wao. Mtawa wa Kipashupata alioga majivu mara tatu kwa siku na kulala juu ya majivu. Hekaluni alimwabudu Shiva kwa kucheka, kuimba, kucheza na kunguruma kama fahali. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Katika hatua ya pili alificha alama zake zote na kutoka kwenda kwa watu ili adharauliwe: alijifanya amelala na kukoroma mbele za watu, alitetemeka kama mwenye kupooza, alichechemea, aliwatongoza wanawake kwa ishara, akazungumza upuuzi. Nia yake haikuwa wazimu. Aliamini kwamba kila amtukanaye bila haki hujitwalia dhambi za mtukanwa na kumwachia thawabu zake. Dharau ya umma ilikuwa, kwa hesabu hiyo, biashara yenye faida. Katika hatua ya tatu aliingia katika pango au nyumba tupu ili atafakari. Kisha akahamia mahali pa kuchomea maiti, akaishi kwa kile alichokiokota, hadi kufa na kuungana na Rudra.

Wakapalika walikwenda mbali zaidi. Sheria za Kibrahmini zilimtaka mtu aliyemuua Mbrahmini abebe fuvu la kichwa na kuombaomba kwa miaka 12 ili atakasike. Wakapalika waliichukua adhabu hiyo wakaifanya kuwa nadhiri ya hiari, kwa kuwa Bhairava mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi, aliibeba baada ya kukata kichwa kimojawapo cha Brahma. Walikula na kunywa katika fuvu, wakajipamba kwa mifupa, na miungu wao waliabudiwa kwa nyama na pombe.

Pamoja na watawa hao palikuwapo Ushaiva wa watu wenye nyumba. Shaiva Siddhanta, iliyotawala mahekalu, ilifundisha kwamba Mungu, roho na dunia ni vitu vitatu tofauti, na kwamba uchafu wa roho huondolewa kwa ibada ya kuingizwa inayofanywa na mwalimu, na baada yake kwa ibada ya kila siku hadi kifo. Mikondo ya Trika na Krama, iliyowaabudu miungu wa kike, ilirithi mengi kutoka makaburini. Mkondo wa Kaula ulikwisha kuanza kuyaingiza mambo hayo ndani ya nyumba na ndani ya mwili: fuvu likawa kikombe, na uwanja wa maiti ukawa moyo wa mwabuduji. Huko Kashmir, katika karne ya 9, Vasugupta na Kallata waliandika juu ya mtetemo wa fahamu ya Mungu katika kila kitu. Kisha Somananda, na baada yake mwanafunzi wake Utpaladeva, wakaijengea imani hiyo hoja za kifalsafa zilizoweza kusimama mbele ya Wabuddha. Utpaladeva alisema kwamba wokovu ni utambuzi. Mwanamke aliyempenda mtu kwa kusikia sifa zake anaweza kusimama mbele yake asimjue. Furaha huja pale tu anapotambua kwamba huyu ndiye. Ndivyo ilivyo roho mbele ya nafsi yake, ambayo ni Shiva.

4.0 Walimu

Abhinavagupta alikuwa mwanafunzi asiyeshiba. Falsafa ya utambuzi aliipokea kwa Lakshmanagupta, mwanafunzi wa Utpaladeva. Krama kwa Bhutiraja. Mafundisho ya Shaiva Siddhanta kwa Vamanatha. Alikwenda hata kwa Wabuddha, Wajaini na wafuasi wa Vishnu, akiona kwamba mwenye kiu ya elimu hana sababu ya kubaki na mwalimu mmoja, kama nyuki asivyobaki na ua moja. Kwa Bhattenduraja alisoma nadharia ya Anandavardhana kuhusu maana inayodokezwa na ushairi bila kusemwa. Kwa Bhatta Tauta alisoma Natyashastra, kitabu kikongwe cha sanaa ya maigizo. Yeye mwenyewe asema kwamba alikuwa bado amezama katika raha ya fasihi wakati upendo wa Shiva ulipomshika. Mpangilio huu una maana: fasihi ilitangulia.

Mwalimu aliyempenda kuliko wote, hata hivyo, alikuwa Shambhunatha wa Jalandhara, aliyemwingiza katika Kaula pamoja na mwenzi wake wa ibada, Bhagavati. Mwanamke katika njia hiyo hakuwa mtazamaji. Elimu ilipita kwake.

5.0 Tantraloka na suala la alama

Tantraloka ina sura 37 na beti zipatazo 5,800, nayo inadai kuwa ni maelezo ya andiko moja la Trika, Malinivijayottara. Kwa kweli inapanga upya Ushaiva wote, kila mkondo ukipewa daraja lake na Trika ikiketi juu. Mwanzoni Abhinavagupta anataja njia nne. Ya kwanza si njia, kwa kuwa mwenye bahati hutambua papo hapo, kwa neno moja la mwalimu au bila hilo. Ya pili ni ya utashi, usiochanganyika na mawazo. Ya tatu ni ya maarifa, ambamo wazo potofu husafishwa kwa wazo sahihi mpaka libaki lisilo na upotofu. Ya nne ni ya matendo: pumzi, mwili, mantra na vyombo vya ibada.

Katika sura ya nne ndipo palipo na kiini cha jambo. Hapo Abhinavagupta anavichukua viungo vya yoga vinavyojulikana, yaani miiko, mikao, kuzuia pumzi na kadhalika, na kusema kwamba hakuna hata kimoja kinachofikisha moja kwa moja, isipokuwa kimoja: hoja, yaani uwezo wa akili wa kupambanua kilicho kweli. Kisha anageukia alama za nje. Majivu, nywele zilizosokotana, fuvu, ibada ya linga, kwenda katika mahali patakatifu, usafi na unajisi wa chakula: yote haya, asema akilifuata andiko lake, hayakuamriwa wala hayakukatazwa.

Inafaa kuona ukali wa kauli hiyo. Shaiva Siddhanta iliamuru ibada ya linga. Wakaula wa siasa kali walizikataza alama za nje. Abhinavagupta anawapinga wote wawili kwa hoja moja, kwa sababu anayekatazwa jambo bado amefungwa nalo sawa na anayeamriwa. Kama fahamu ya Shiva ndiyo kila kitu, majivu hayawezi kumkaribisha mtu kwake, na kuyafuta hakuwezi pia. Karne nyingi za watu kulala katika majivu na kutafuta matusi zilijibiwa kwa sentensi moja ya mtu aliyekuwa ameketi nyumbani kwa rafiki yake.

Lakini itakuwa kosa kumfanya mwanafalsafa aliyeziacha ibada, kosa ambalo wasomaji wengi wa karne ya 20 walilipenda. Sehemu kubwa ya Tantraloka, baada ya sura za mwanzo, ni kanuni za ibada zenye maelezo ya kina: jinsi ya kumwingiza mwanafunzi, jinsi ya kuwaingiza hata waliokufa, jinsi ya kutoa sadaka. Sura ya 29 inaeleza ibada ya siri ya Kaula, yenye pombe, nyama na muungano wa mwili na mwenzi wa kike, na haisemi kwamba hayo ni mafumbo tu. Wengine wameona haya kuitaja. Wengine wameitangaza kana kwamba kitabu kizima ni hiyo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yaliyotolewa na Alexis Sanderson mwaka 1985: Mbrahmini wa Kashmir alijijua kwa ua wa usafi uliomzunguka, na hofu ya kulivuka ua huo ndiyo iliyokuwa umbo la nafsi yake. Kwa Abhinavagupta, shaka na woga wa namna hiyo ni kifungo chenyewe. Kilichofanywa usiku kwa saa chache na mtu ambaye asubuhi alirudi katika heshima yake kilikuwa kimechukua nafasi ya maisha mazima ya mtawa wa makaburini. Hapa pana pia jambo la kitabaka ambalo sifa za kifalsafa haziwezi kulifuta. Mkapalika aliipoteza jamii yake kwa hakika; mwenye nyumba wa Kashmir hakupoteza kitu.

6.0 Ladha

Katika sharhi zake mbili za fasihi, ya kwanza juu ya Dhvanyaloka ya Anandavardhana na ya pili juu ya Natyashastra, swali lile lile linarudi likiwa limevaa nguo nyingine. Natyashastra ilifundisha kwamba mchezo huzaa ladha katika hadhira: ya mapenzi, ya kicheko, ya huzuni, ya hasira, ya ushujaa, ya hofu, ya kinyaa na ya mshangao. Wafafanuzi walibishana kwa karne mbili kuhusu mahali ladha hiyo ilipo. Je, imo katika mhusika, katika mwigizaji, au katika mtazamaji? Na kama imo katika mtazamaji, kwa nini mtu alipe ili ahuzunike?

Abhinavagupta anajibu kwa mfano wa mwanzo wa Shakuntala ya Kalidasa, ambapo mfalme anamfukuza paa kwa gari la vita. Mtazamaji anaiona hofu ya yule paa. Hofu hiyo si ya paa, kwa maana hakuna paa. Si ya mwigizaji pia, wala si ya mtazamaji, kwa sababu yeye hakimbii wala hatafuti mwenye kumwokoa. Ni hofu isiyo na mwenyewe, isiyo na mahali wala wakati, iliyovuliwa maslahi yote. Mtazamaji mwenye moyo ulioandaliwa kwa kusoma na kuzoea hupoteza kwa muda mipaka ya mimi na yangu, na kinachobaki ni fahamu inayojionja yenyewe ikiwa na rangi ya hofu. Ndiyo maana hata huzuni ina utamu. Hii haifanani na Aristotle, ambaye kwake hofu na huruma huamshwa ili zisafishwe. Hapa hisia huamshwa ili ikose mwenyewe.

Itaonekana kwamba jambo ambalo Mpashupata alilitafuta kwa kujidhalilisha sokoni, yaani kuvunjika kwa nafsi inayodai heshima yake, mtazamaji hulipata akiwa ameketi. Abhinavagupta hakusema kwamba mambo haya mawili ni sawa. Ladha ya fasihi hupita pazia linapofungwa, na mtu hurudi katika madeni yake, ukombozi haupiti. Hata hivyo aliyaona kuwa ndugu, na ndiyo sababu aliitetea kwa nguvu ladha ya tisa, ile ya utulivu, ambayo wengi waliikataa kwa kuwa haiwezi kuigizwa: mtu aliyetulia kabisa ataonyesha nini jukwaani? Jibu lake ni kwamba msingi wa ladha hiyo ni nafsi yenyewe inapojulikana, na ladha nyingine zote ni mawimbi juu yake. Hoja hii imelaumiwa kuwa inaiingiza dini katika uhakiki. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inasahau kwamba safari yake ilikwenda upande wa pili pia: alipoieleza furaha ya utambuzi wa Shiva, alitumia msamiati wa mtu aliyelelewa na ushairi.

7.0 Picha, pango na miswada

Kuna beti zilizoandikwa na Madhuraja wa Madurai, mtu wa kusini ya mbali ya Bara Hindi, zinazomchora Abhinavagupta kama mwalimu wa kutafakariwa na wanafunzi. Ameketi katika bustani ya mizabibu, ndevu ndefu, nywele zimefungwa kwa shada la maua, ushanga wa rudraksha mwilini, vidole vikicheza juu ya vina. Wanafunzi, Kshemaraja akiwa mbele yao, wako miguuni pake wakiandika. Wanawake wawili wamesimama kando na mtungi wa divai na tambuu. Na kwenye paji la uso wake kuna mistari mitatu ya majivu. Hakuamriwa kuipaka wala hakukatazwa.

Masimulizi ya Kashmir, ambayo K. C. Pandey aliwafikishia wasomi katika kitabu chake cha mwaka 1935, yanasema kwamba siku ya mwisho Abhinavagupta aliingia katika pango karibu na Magam, njia ya kwenda Gulmarg, akifuatana na wanafunzi 1,200, huku wakiuimba wimbo wake wa Bhairava, na hakuna aliyetoka. Idadi hiyo ni ya masimulizi. Lakini umbo la hadithi linastahili kuangaliwa, kwa kuwa pango lilikuwa hatua ya mtawa wa Kipashupata kabla ya makaburi. Watu waliomkumbuka hawakuridhika na kifo cha msomi kitandani. Walimtafutia mwisho wa kitawa ambao yeye, kwa maandishi yake, alikwisha kuufanya usiwe wa lazima.

Kshemaraja alizifupisha fikra zake kwa wasomaji wa kawaida, na Jayaratha akaifafanua Tantraloka. Mafundisho yake yalishuka kusini hadi nchi ya Watamili, huku Kashmir yenyewe ikibadilika. Tantraloka ilichapwa kwa mara ya kwanza kati ya 1918 na 1938, juzuu 12, kwa juhudi za idara ya utafiti ya dola ya Kashmir; Raniero Gnoli aliitafsiri kwa Kiitalia mwaka 1972. Sharhi ya Natyashastra ilidhaniwa kuwa imepotea hadi miswada yake ilipoonekana Kerala, upande wa pili kabisa wa Bara Hindi, na juzuu ya kwanza ikatolewa na Ramakrishna Kavi mwaka 1926. Miswada hiyo imejaa makosa ya wanakili. Sehemu kubwa ya maelezo ya sura ya saba, ile inayohusu hisia ambazo ndizo mbegu za ladha, haimo.